Kitovu cha Gorogoro

Nitasema yangu kwanza, nisije nikaonekana mwema.
Hapa Kangemi, nyuma ya vibanda vya mitumba,
gorogoro yangu ilikuwa na kitovu.
Si cha nje; cha ndani,
kilichogongwa kwa nyundo toka chini
hadi bati likavimba kuelekea juu
na konzi mbili za ndengu zikabaki kwangu.
Mteja haoni kitu.
Yeye huona kilele tu, kile kilima ninachokijaza
hadi kinamwagika, naye husema,
Mutheu, wewe una mkono wa kutoa.

Khavere, jirani yangu wa meza, ndiye aliyekuwa fundi.
Kitovu changu alikigonga yeye.

Kisha Jumatatu moja ya mvua, mwezi wa nne,
akaja na jiwe la mtoni, jeusi, saizi ya ngumi,
akalitia ndani ya kopo lake, akagonga.
Ngo. Ngo. Soko zima likageuka.
"Ameokoka," akasema muuza omena,
"mpeni wiki mbili."
Nilicheka mimi kuliko wote.

Mama Andisi alipokuja kutafuta maharagwe
Khavere akampimia, kisha akaongeza nusu kopo.
"Hii ni yako. Nimekuibia tangu huyu akiwa mgongoni."
Mama Andisi akatazama kopo, akatazama mtoto
(sare ya shule, meno mawili ya mbele hana)
akahesabu miaka,
akamwaga yote miguuni pa Khavere, akaenda zake.
Yakaingia matopeni.
Khavere akachutama, akaokota moja moja hadi adhuhuri,
wala hakusema kwamba ameonewa.

Sisemi aligeuka malaika.
Askari wa kanjo walipobeba mwavuli wake
aliwatukana hadi ukoo wa mama zao.
Jioni nikamwona akielekea ofisini kwao kuomba radhi,
leso kiunoni, uso umemshuka.
Mwavuli hawakumrudishia.

Wala hakunihubiria. Hilo ndilo lililoniudhi.
Nilikuwa na majibu tayari:
wachungaji na magari yao, spika za usiku kucha,
bahasha za sadaka.
Nilingoja aanze ili nimalize.
Yeye aliuliza tu mguu wa mama unaendeleaje,
akanilindia meza nikienda msalani,
na pesa alizoniuzia
nilizikuta chini ya kopo, zimetimia,
pamoja na shilingi tano
ambayo hata mimi ningeisahau.

Wateja walimkimbia. Mwezi wa sita wakaanza kurudi.
Mama Andisi alirudi wa mwisho. Hakusalimia.
Alinyoosha mfuko tu.

Usiku mmoja nilibeba gorogoro nyumbani.
Stima ilikuwa imepotea. Gizani nikatia mkono ndani
nikakipapasa kile kitovu, baridi,
laini kwa miaka ya nafaka,
nikajiuliza ni watoto wangapi
waliolala nusu shibe kwa ajili yake.
Sikulia. Mimi si mtu wa machozi.
Lakini sikulala.

Alfajiri, magunia ya sukumawiki hayajashushwa bado,
nikamkuta anafagia mbele ya meza zetu,
yake na yangu.
"Khavere, lile jiwe uliliacha wapi?"
Hakuimba haleluya. Hakuniita dada.
Aliweka ufagio, akainama chini ya meza
akalitoa, limefungwa kwa gazeti,
kama mtu aliyekuwa akinitunzia.
"Anza katikati," akasema. "Pembeni bati hupasuka."

Jumapili ile nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango,
miguu tayari kwa kutoka.
Sikutoka.

Kitovu nacho hakikuisha chote.
Kovu lipo, njoo uguse.
Ndiyo maana nikimaliza kupima
naongeza konzi.